Borobudur ni ya kuzungukwa kwa miguu

Picha za Borobudur zinazosambaa mitandaoni zinafanana: stupa (majengo ya kumbukumbu ya Kibuddha) zenye umbo la kengele, ukungu, jua linachomoza. Karibu zote zimepigwa kutoka juu. Hekalu hili la Kibuddha, lililojengwa Java ya kati, Indonesia, enzi za ukoo wa Sailendra, karne ya 8 hadi ya 9, limegeuzwa kilima cha kupanda ili mtu aone mbali. Mimi si Mbuddha, lakini suala hili linanigusa sana, na nashikilia kwamba anayekimbilia kileleni hajaiona Borobudur. Waliolijenga hekalu hili walikusudia lizungukwe.

Mpango wake unasema hivyo waziwazi. Kuna majukwaa sita ya mraba, juu yake matatu ya mviringo, na katikati kabisa stupa moja kubwa. Sehemu ya mraba ina shoroba nne zenye kuta pande zote mbili, na aliyemo ndani haoni mashamba wala volkano za jirani. Anaona michongo tu. Anayetaka kuzifuata hadithi zote kwa mpangilio wake huzunguka mara 10: mara 4 kwenye ushoroba wa kwanza, kisha mara mbilimbili kwenye kila mmoja kati ya zile tatu zinazobaki. Ni mwendo wa karibu kilomita 5, na muda wote hekalu liko upande wa kulia. (Waislamu wanaotufu Kaaba huiweka kushoto, lakini nadhani wao wataelewa haraka kuliko wengine kwa nini miguu nayo ni sehemu ya ibada.)

Ulimwengu wa Wabuddha wa kale una mlima katikati, Meru, uliozungukwa na safu saba za milima na bahari, na mabara manne pande zote. Sisi wanadamu tunaishi bara la kusini. Viumbe wamepangika katika tabaka tatu: wanaotawaliwa na tamaa, walioishinda tamaa lakini bado wana umbo, na wasio na umbo lolote. Wataalamu wengi wamesema Borobudur ni ramani ya tabaka hizo, chini hadi juu. Wengine wanapinga. Mimi naona ramani haitoshi kueleza kazi yote ile, maana ramani unaweza kuitazama ukiwa umesimama.

Nategemea ushahidi wa michongo yenyewe. Maisha ya Buddha yamepewa michongo 120. Gandavyuha, kisa cha kijana Sudhana anayetafuta njia ya kuamka kiroho, kimepewa 460 na kimeenea katika shoroba tatu za juu. Sudhana anatumwa na Manjushri, mtakatifu wa hekima, na kupita kwa walimu zaidi ya 50. Wamo watawa na wafalme, lakini wamo pia muuza manukato, nahodha, mtoto anayecheza mchangani, na Vasumitra, kahaba. Mwalimu humfundisha alichonacho, kisha hukiri kwamba ujuzi wake unaishia hapo na kumwelekeza kwa mwingine. Karibu na mwisho Sudhana anafika kwenye mnara wa Maitreya, Buddha atakayekuja. Mlango unafunguka, na ndani mna upana wa anga, mna minara isiyohesabika, na kila mnara una upana huohuo bila kuubana mwingine. Hapo mahali pa mazoezi ya kiroho na ulimwengu mzima ni kitu kimoja. Kwa maoni yangu, hicho ndicho walichotaka msafiri akipate kwa mwili wake: anatoka katika shoroba zilizombana, ghafla anajikuta kwenye majukwaa ya wazi yenye stupa 72, Buddha akionekana nusunusu ndani ya kila moja kupitia matundu, na stupa kuu isiyo na tundu hata moja.

Kuna pingamizi zito, tena la Kibuddha. Katika sutra (andiko takatifu) ya Vimalakirti, kijana mmoja anamuuliza Vimalakirti, mzee mwenye hekima asiye mtawa, anatoka wapi. Anajibu kwamba anatoka mahali pa mazoezi, na mahali hapo ni moyo ulionyooka. Basi mawe ya nini? Nakubali kabisa kwamba utakatifu haumo kwenye mawe. Lakini moyo haujinyooshi wenyewe, na mizunguko 10 ni mazoezi ya kuunyoosha.

Kwa hiyo siwalaumu wanaolinda mawe. Ngazi zimelika kwa viatu vya watalii, na utaratibu wa kuweka kikomo cha watu kwa siku, wenye kandambili za kufuma na mwongozaji, una sababu nzuri. Pendekezo la mwaka 2022 la tiketi ya rupia 750,000 lilizua kelele likawekwa kando, na nilifurahi. Lakini mwaka huohuo serikali ya Indonesia ilitia saini makubaliano ya kulifanya hekalu hili kuwa kituo cha ibada cha Wabuddha wa dunia nzima, wala si siku ya Vesak peke yake, sikukuu ya Buddha, mahujaji wanapoandamana kutoka Mendut, hekalu la jirani. Makubaliano hayo hayaendani na ziara ya kundi yenye saa ya kushuka. Mwenye kuja kwa ibada atengewe asubuhi nzima kwenye shoroba, bila kuharakishwa, hata ikibidi idadi ya wapiga picha kileleni ipunguzwe.