Mwanangu anarudia mtihani na wala hajalia

Asubuhi moja mwishoni mwa Machi binti yangu alisimama jikoni, mkate mdomoni, simu mkononi, akasema amepata 1180 kwenye SAT. Sijamaliza kuuliza kama hiyo ni ya kucheka au ya kununa, akaongeza, "Nitarudia Agosti, mama," akabeba begi lake na kukimbilia basi. Alilitamka neno lile kama mtu anayesema ataongeza chai.

Nilibaki na mwiko mkononi. Kurudia! Kwetu Tanzania mtu hasemi "nitarudia" huku anatafuna. Hilo ni neno la baba mdogo, mlango umefungwa, baada ya jina lako kutafutwa kwenye matokeo mara tatu na watu watatu tofauti. Ukirudia unabadilisha njia ya kwenda dukani. Na namba yako ya mtihani inaanza na P, ya aliye nje ya shule, badala ya S ya mwanafunzi wa shule, ili hata asiyekujua ajue.

Hapa Houston, Marekani, mtihani wenyewe ni huu wa SAT, wa kuombea chuo kikuu. Saa 2 na dakika 14 mbele ya kompyuta, maswali 98, Kiingereza na hesabu basi, na usipokosa kitu kabisa unapata 1600. Hutolewa mara saba au nane kwa mwaka, kati ya Agosti na Juni. Na tarehe anachagua mtahiniwa. Narudia, maana mimi ilinichukua miaka kuamini: mzazi na mtoto wanakaa na kalenda mezani wanaamua mtihani wafanye lini. Ukiharibu unalipa dola 68 nyingine unakwenda tena, na vyuo vingi vinaokota hesabu nzuri ya siku hii na Kiingereza kizuri cha siku ile, vinajumlisha. Kwetu nako sitingi mbili zipo, kuunganisha matokeo ya mitihani miwili, sikatai, ila tunajua macho unayotazamwa nayo pale dirishani pa maombi.

Nisije nikaonekana mjuaji: kwa kaka yake niliharibu. Nilimlea kwa kalenda ya Baraza la Mitihani la kwetu, ya kungoja mtihani wa mwisho. Darasa la tisa nikamwambia bado mapema. La kumi, bado mapema. Alipofika la kumi na mbili nikatangaza hali ya hatari: televisheni ikafungwa, nikawa namwamsha saa kumi alfajiri kwa prepu kama nilivyoamshwa mimi na kengele ya bweni. Mtoto akawa analala darasani. Akafanya mtihani Desemba, wakati wenzake waliokwishajua nchi inavyokwenda walituma maombi kabla ya Novemba 1.

Baadaye mshauri wa masomo akanieleza, kwa upole ulioniuma zaidi ya tusi, kwamba Texas ina sheria tangu 1997: ukiwa ndani ya asilimia kumi ya juu ya shule yako, vyuo vikuu vya umma vinakupokea moja kwa moja, ingawa UT Austin, Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, wamebana zaidi ya hapo. Na nafasi hiyo huhesabiwa kwa alama za darasani, kuanzia la tisa. Yaani mtihani ulianza mtoto akiwa na miaka 14, sisi tukiwa tumekaa tunasubiri msimamizi agawe karatasi. Akaenda chuo cha jamii cha miaka miwili (mimi nakiita chuo cha kata, yeye hapendi), kisha akahamia chuo kikuu. Yuko salama. Lakini kwa ile miezi ya saa kumi alfajiri namwomba msamaha hadi leo.

Kwa hiyo kwa huyu mdogo nimepanga. Darasa la kumi alifanya PSAT ya Oktoba, yaani SAT ya mazoezi, bila kufungua kitabu, anuse tu hewa ya chumba. Likizo ndefu iliyofuata ndipo tukaanza, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, basi. Hakuna twisheni. Khan Academy ni bure, na ile programu yenyewe ya mtihani, Bluebook, ina mitihani kamili ya majaribio ndani yake, bure pia. Sisi tuliochangia fotokopi ya pasti pepa watu sita, ukurasa wa mwisho haupo, hilo linatuuma kwa namna yake. Machi ya la kumi na moja akafanya mara ya kwanza, maana kufikia hapo hesabu nyingi wanazouliza amekwisha kuzisoma. Agosti mara ya pili, kichwa kimepumzika, kazi za shule hazijaanza kumlundikia. Oktoba ibaki akiba. Baada ya hapo sitaki kusikia SAT nyumbani kwangu, aandike insha zake za maombi.

Kuna wanaosema SAT imekufa tangu Korona. Haikufa. Vyuo vingi viliacha kuidai, kweli, lakini MIT waliirudisha 2022, na mwaka 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Harvard, na hao UT Austin ambao ndio tunawakodolea macho. Mzazi anayepanga kwa habari za 2021 atajikuta pale nilipojikuta mimi.

Sasa kuna ndugu yetu mmoja tulikutana naye kwenye mnuso, sherehe ya kipaimara, sahani za pilau mapajani. Ananiambia mwanawe yuko darasa la saba na ana mwalimu wa SAT Jumamosi na Jumapili. La saba! Nikamuuliza anamfundisha nini, mtoto hajagusa hata milinganyo ya kipeo cha pili. Akajibu, "Anazoea." Tumevuka bahari na twisheni yetu begani. Nyumbani nilielewa: darasani wako tisini, mwalimu wa Fizikia kahama muhula wa kwanza, silabasi haijafika nusu, usipokwenda twisheni Mchikichini utakwenda wapi. Hapa mwalimu yupo, kitabu kipo, na bado tunamkimbiza mtoto kana kwamba tarehe ni moja. Woga ule hauishi kwa viza.

Najua yanayokuja. "Mbeba boksi, kibarua wa ughaibuni, keshaanza kutufundisha." Nabeba, ndiyo, nalea wazee usiku zamu ya saa kumi na mbili na mgongo unanijua. Sijasema watoto wa huku wana akili. Mpe mtoto wa huku karatasi ya saa tatu ya Advanced Mathematics uone. Huyu wangu ana kikokotoo ndani ya kompyuta, maswali yote ya hesabu, halafu ananiambia muda haukutosha! Mimi ni wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) ya bweni la Tabora, najua mwanafunzi wa kwetu anabeba nini kichwani. Kwa hilo nitapigana na yeyote.

Hasira yangu iko kwenye tarehe ile moja tu ya mtihani wa kwetu. Aliyekaa dawati la mbele yangu kidato cha sita aliingia kwenye pepa ya Kemia na kanyula mkononi, ametoka kwenye dripu ya malaria saa moja kabla. Yeye ndiye alikuwa akitufundisha Kemia sisi wengine. Miaka miwili ya kupiga msuli ikapimwa kwa asubuhi ile, askari na bunduki nje ya dirisha. Leo anauza vipuri Gerezani, Dar, anauza vizuri, ananidai salamu. Malaria ile haikuandikwa popote kwenye cheti.

"Kwa hiyo Baraza litoe mtihani mara nane? Pesa unatuma wewe?" Sijasema nane. Nasema miwili. Watoto wa shule za kimataifa hapo hapo Dar wanakaa mitihani ya Cambridge katikati ya mwaka, na asiyeridhika anakaa tena mwisho wa mwaka. Hakuna anayewaita wazembe. Wa kwetu anangoja Mei ya pili, ajilipie ada mwenyewe, asome bila mwalimu, arudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, neno zuri sana kwa mtu aliyeachwa peke yake. Mtaniambia maandalizi, usahihishaji, walimu kulipwa posho. Sawa, ni kazi kubwa. Lakini tuliona 2013, matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa, nchi ikapiga kelele, yakafutwa na kupangwa upya. Kumbe siku ile moja huwa inaweza kukosea. Ilibidi waanguke maelfu ndipo ionekane. Akianguka mmoja na kanyula yake, ni mzembe.

"Mbona wewe ulifaulu siku hiyo hiyo?" Nilifaulu kwa sababu sikuugua. Huo ndio ukweli wote wa divisheni yangu, na miaka hii yote nimekuwa nikiutaja kama sifa.

Jumapili nilimpigia dada yangu Tabora. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mchele, akauliza watoto. Nikamwambia mkubwa mzima, mdogo anarudia mtihani Agosti. Kimya. Nikasikia anatoka nje, mlango wa wavu ukabamiza.

"Pole sana, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mama asijue kwanza."