Leza au tangi la wino: printa ya kazi za nyumbani katika hewa ya Lamu

Kwa anayefanyia kazi nyumbani Lamu, awe mhasibu wa maduka ya Mkunguni, wakala wa nyumba za wageni Shela au mwalimu anayetunga mitihani, swali huanzia kwenye bei. Madukani Malindi na Mombasa huwekwa ubavu kwa ubavu mashine mbili zenye ahadi moja: kuchapa, kupiga kopi na kuskani. Moja ni leza ya nyeusi tupu, ya pili ni ya wino wa tangi. Muuzaji atakutajia bei na kasi. Hatakuuliza stima ya nyumba yako inatoka wapi, wala rimu zako unazihifadhi wapi, na hayo ndiyo yanayoamua.

Hoja ya leza ina nguvu. Tona ni unga mkavu wa plastiki, haina cha kukauka. Nyumba ikifungwa miezi miwili msimu wa mvua, ukiwasha mashine ukurasa wa kwanza hutoka safi. Herufi zake zimeyeyushiwa juu ya karatasi, kwa hiyo mkataba ukirushiwa maji kwenye boti ya Mokowe, karatasi italowa lakini maandishi yatabaki. Wino wa tangi una tabia nyingine. Matundu ya kichwa chake ni membamba kuliko unywele, na usipochapa walau ukurasa mmoja wa rangi zote kwa wiki huanza kuziba. Ukiyazibua kwa programu yake, kila usafishaji hunywa wino na kuumwaga kwenye sifongo iliyo tumboni mwa mashine. Sifongo ikijaa, printa hugoma hadi ibadilishwe. Tena mashine nyingi za tangi za bei ya chini, Epson L3250 ikiwemo, hutumia wino mweusi usiostahimili maji.

Upande wa pili una hoja moja, lakini ni nzito: stima. Ndani ya leza mna fyuza, sehemu inayoyeyusha tona, na joto lake hukaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Mashine ikiamshwa huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo, nyingine hukaribia 1,000 kwa sekunde chache, kisha hushuka. Printa ya tangi huchapa kwa wati 10 hadi 20. Aliye kwenye gridi hataiona tofauti hiyo kwenye tokeni, maana kurasa kumi huisha kabla ya dakika. Aliye kwenye sola na inverta (kigeuza stima ya betri kuwa ya nyumba) ya wati 500 ataiona siku ya kwanza: inverta italia, taa zitafifia, printa itazimika na karatasi ikiwa nusu ndani. UPS (betri inayoshika kompyuta stima ikikatika) ndogo ya VA 650 nayo hushindwa papo hapo. Kompyuta ndiyo ikae kwenye UPS. Leza ichomekwe ukutani, au kwenye stabilaiza, kifaa cha kusawazisha stima, ya VA 2,000. Wa sola ndogo asijitaabishe na leza. Anunue ya tangi, na kila Ijumaa achape ukurasa wa majaribio.

Kwa aliye kwenye gridi na kazi yake ni maandishi, leza inashinda, ila pwani ina ugomvi wake na karatasi. Rimu iliyofunguliwa na kuachwa kwenye chumba chenye madirisha ya upande wa bahari hunyonya unyevu upesi. Karatasi hiyo ikipita kwenye fyuza, maji hugeuka mvuke. Karatasi hujikunja, mvuke mweupe hutoka juu ya mashine (wapo wanaokimbilia swichi wakidhani ni moshi), na tona haishiki vyema kwa sababu sehemu ya joto imeishia kukausha maji. Herufi zikitoka ukizisugua kwa kidole, ingia kwenye mipangilio ya karatasi uchague nene badala ya kawaida, fyuza iongeze joto. Kama tona imeshika lakini karatasi inajikunja, fanya kinyume, chagua nyembamba. Hizo ni dawa za kutuliza tu. Tiba yenyewe ni kuacha rimu ndani ya ganda lake, ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, na kutoa kurasa 30 au 50 za siku hiyo.

Hapo ndipo udogo wa mashine unapogeuka kasoro. Canon MF3010 na HP M141w ni fupi na hutosha kwenye rafu, lakini karatasi zake, 150 hivi, hukaa wazi mbele zikipokea unyevu na vumbi la chokaa linalodondoka kutani. Trei ikifunguliwa, ile meza iliyopimwa kwa umbo la mashine haitoshi tena. Brother DCP-L2510D ni kubwa kidogo; ina droo iliyofungwa ya karatasi 250 na huchapa pande mbili yenyewe. Kwa chumba cha Lamu nafasi hiyo ya ziada inafaa kulipiwa. Kilishio cha juu cha kuskani kurasa nyingi, alicho nacho ndugu yake DCP-L2550DW, kinamfaa mhasibu mwenye mafungu ya risiti za A4. Mwenye kazi ya kopi za vitambulisho na pasipoti za wageni hakihitaji. Kioo cha juu na kitufe cha kopi ya kitambulisho, kinachoweka pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja, vinamtosha.

Suala la dramu, silinda inayohamishia tona kwenye karatasi, halina jibu moja. Kwa HP na Canon hizo, dramu imo ndani ya katriji, yaani kasha la tona: ile 150A ya M141w hutoa kurasa 975 hivi, na 725 ya MF3010 kurasa 1,600. Kwa Brother vitu hivyo vimetenganishwa: tona ndogo kurasa 1,200, kubwa 3,000, na dramu kurasa 12,000. Takwimu hizo za tona na katriji ni za ukurasa wenye maandishi yanayofunika kama asilimia 5. Mitihani yenye michoro huzipunguza sana. Gawa bei ya tona kwa kurasa zake, ongeza bei ya dramu uliyoigawa kwa 12,000, na mara nyingi Brother itatoka rahisi. Lakini anayechapa kurasa 100 kwa mwezi angehitaji miaka kumi kuimaliza dramu hiyo, na unyevu na chumvi havitaisubiri. Yeye katriji yenye dramu yake humfaa zaidi, kwani kila anaponunua hupata dramu mpya, mradi asishawishike kuijaza tona mtaani. Kujaza ni kutumia dramu ile ile iliyochoka, na matokeo ni ukurasa wenye kivuli cha kijivu.

Aliyechagua Brother ajue dalili. Mstari mweusi wa wima: toa dramu, telezesha kishikizo cha kijani kushoto na kulia mara kadhaa, kisha kirudishe kwenye alama ya mshale. Kisiporudishwa hapo, mstari hautaondoka. Nukta zinazojirudia kila milimita 94 zinatokana na uchafu kwenye dramu. Ifute kwa pamba kavu, mbali na jua, maana mwanga mkali huiharibu. Tona ikimwagika nguoni, maji baridi. Ya moto huigandisha.

Wi-Fi si ya kutegemewa sana kwenye nyumba za kale. Kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita humeza mawimbi, na yale ya 5 GHz ndiyo humezwa zaidi. Ruta na printa zikae chumba kimoja, au tumia waya wa USB usiozidi mita 5.

Mashine zinazoletwa na jamaa kutoka ng'ambo zina mitego yake. Ya Marekani ni ya volti 120. Ikichomekwa kwenye 240 yetu inaungua. Namba za tona nazo hufuata soko: DCP-L2550DW ya Marekani inataka TN-760, na ndugu zake wa Ulaya TN-2420. HP zenye herufi e mwishoni, kama M140we, hutaka intaneti na tona halisi ya HP wakati wote.

Kabla ya kulipa, hasa mashine iliyokwisha kutumika, mwambie muuzaji achape ukurasa wa taarifa za mashine usome idadi ya kurasa zilizokwisha kuchapwa. Piga kopi kumi mfululizo, ya kumi uisugue kwa kidole. Kisha nunua katriji ya pili siku hiyo hiyo na uvuke nayo, kwa kuwa ile inayokuja ndani ya sanduku mara nyingi haijajazwa sawasawa.