Bweni la milioni 80 na rampu isiyopandika: pesa za majengo ya watoto wenye mahitaji maalum

Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilipata mkopo wa IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, ule mpango wa shilingi trilioni 1.3 ambao mtaani tuliziita pesa za UVIKO (korona). Kwenye elimu zikapangwa vyumba vya madarasa 15,000, yaani 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama), kila chumba milioni 20. Humo humo kukawa na mabweni 50 ya watoto wenye mahitaji maalum, kila moja milioni 80. Piga hesabu, madarasa bilioni 300, mabweni bilioni 4. Wengi wakalalamika kwamba hiyo bilioni 4 ni kidogo, na kweli ni kidogo, ila mimi nadhani swali kubwa ni je tulikuwa tunahitaji mabweni au kitu kingine?

Wanaotaka mabweni wana hoja nzito jamani. Chukua mtoto kiziwi, kijijini kwao hakuna mwalimu hata mmoja anayejua lugha ya alama, atakaa darasani miaka saba anaangalia mdomo wa mwalimu unacheza tu na mwisho wataandika kwamba hafundishiki. Mtoto huyo huyo akipelekwa pale shule ya Buguruni Viziwi, Dar es Salaam, anakuta wenzake, anaongea, anagombana, anacheka, anakuwa mtoto kama wengine. Na watoto wenye ualbino kanda ya ziwa, kipindi kile cha mauaji yao shule ya bweni ya Buhangija kule Shinyanga ilifurika mpaka watoto wanabanana vitandani, sasa pale utamwambia mzazi habari ya elimu jumuishi, yaani asome na wenzake wote shule ya kawaida, wakati mwanae anawindwa? Lile bweni lilikuwa ndo uhai wake.

Lakini Buhangija hiyo hiyo inatuonyesha na upande wa pili. Kuna watoto waliachwa pale, likizo inafika wenzao wanafuatwa wao hakuna anayekuja, wanakua bila kujua shangazi wala binamu. Bweni linaweza kumpa mzazi au kijiji kizima ruhusa ya kumsahau mtoto. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum. Kwa hiyo kiziwi na asiyeona sheria imewaachia mlango, ila mtoto ambaye shida yake ni miguu tu anapelekwa bwenini mkoa mwingine kwa sababu gani?

Kwa sababu shule ya karibu na kwao haiingiliki, hilo ndo jibu. Nenda kaangalie madarasa mengi yaliyojengwa kwa fosi akaunti, yaani shule inatumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, rampu (njia ya mteremko ya kupandishia kiti mwendo) ipo, maana ramani imesema iwepo. Sasa kipimo kinachokubalika ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, msingi ukiwa na sentimita 45 unahitaji rampu ya zaidi ya mita tano, lakini fundi anapiga mita moja na nusu, saruji inaisha, kazi imekwisha, picha zinapigwa. Kiti mwendo hakipandi pale, kinarudi nyuma na mtoto wake. Chooni mlango mwembamba, hakuna chuma cha kushika, anatambaa sakafuni kwenye maji.

Halafu jengo likishakamilika nani analala na hao watoto? Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, hapo hujazungumzia matroni, mlinzi, chakula, karatasi za nukta nundu za wasioona. Fedha za ujenzi zinakuja mara moja na zinaonekana, mshahara wa matroni unatakiwa kila mwezi na hakuna wa kuuzindua, ndo maana unasahaulika.

Mimi naona mabweni yajengwe kwa viziwi, wasioona na wale ambao nyumbani si salama, na pasijengwe jipya kabla matroni wake hajaingizwa kwenye bajeti ya halmashauri. Waliobaki wasome kwao, ila hiyo milioni 20 ya darasa ihesabiwe pamoja na rampu ya kweli na choo, na mhandisi asisaini kupokea jengo mpaka mtoto wa kiti mwendo apande mwenyewe, aingie darasani, aende chooni na kurudi bila kusukumwa na mtu.