Wananchi wa Kampala wanashirikiana na polisi kuliko watu wa London

Kila Jumatatu polisi wetu wa Uganda wanapokutana na waandishi wa habari pale Naguru, makao yao makuu, kuna ombi ambalo halikosekani: wananchi watupe ushirikiano. Huwa nalisikia nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini hapa London, simu sikioni, na kila mara linanichefua kidogo. Mimi ni mtoto wa polisi. Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, kwenye zile nyumba za mabati za duara, tukigombana na kupatana kwa Kiswahili, Mwacholi na Mteso na Mlugbara na Mnubi, kwa sababu lugha nyingine ya kutukutanisha hatukuwa nayo. Ugali wangu ulinunuliwa kwa mshahara wa polisi, mdogo ulivyokuwa. Basi asije mtu kuniambia nawachukia. Ila hili la ushirikiano naona tunadaiwa deni tulilokwisha kulipa.

Dada yangu anaishi pembezoni mwa Kampala. Mtaani kwake mtu akipiga yowe saa nane za usiku, majirani wanatoka. Mwenye panga anatoka na panga, mwenye tochi na tochi, na mzee chairman wa LC1, yaani baraza la kijiji, anakuja na filimbi yake, shati halijafungwa vifungo. Mpangaji mgeni hakai wiki bila chairman kujua ametoka kijiji gani na anafanya kazi gani, maana bila barua yenye mhuri wa LC hufiki mbali. Kila nyumba inatoa chochote kwa mwezi kumlipa mlinzi wa usiku. Hayo yote wanayafanya bila mshahara, na LC1 wenyewe walikaa tangu 2001 hadi Julai 2018 bila kuchaguliwa upya, lakini kazi ya ulinzi haikusimama kungoja uchaguzi.

Hapa ninapoishi, jirani yangu wa ghorofa ya juu jina lake nimelijua kutokana na vifurushi vinavyoachwa mlangoni. Usiku mtu akipiga kelele barabarani, mapazia yanasogea kidogo, kisha yanarudi. Atakayejali sana atapiga 999, namba ya dharura. Waingereza wana vikundi vyao vya majirani kulinda mtaa tangu 1982, vilipoanzia kijiji cha Mollington huko Cheshire, na vibandiko vyake vimejaa kwenye milingoti. Kutoka nje na tochi ni habari nyingine.

Kwa hiyo kama kushirikiana ni kujitokeza, sisi tumewapita. Walichotupita wao nilikiona siku niliyokwenda mkutano wa kata kwenye maktaba ya mtaa. Kila kata ya London ina askari wake wa mtaa, na wakazi ndio wanaopanga shida zipi zishughulikiwe kwanza. Tulikuwa wachache, wengi wazee, chai na biskuti mezani. Askari kijana, asiye na bunduki, akafungua karatasi na kusoma: mara iliyopita mlitaka tushughulike na vijana wa pikipiki pale bustanini, na wauza dawa nyuma ya maduka, na wizi wa vifurushi. Pikipiki tumekamata mbili. Wauza dawa wamehamia mtaa wa pili, tunajua. Vifurushi tumeshindwa.

Bibi mmoja akamwuliza, "Mmeshindwa kwa nini?" Akajibu. Jibu halikumridhisha bibi, akasema hivyo kwa sauti, na askari akaandika.

Mimi nilibaki kwenye lile "tumeshindwa". Katika maisha yangu yote ya kambini sikupata kusikia afande akiwaambia raia neno hilo.

Asinielewe mtu vibaya, polisi wa London si malaika. Kijana mweusi Stephen Lawrence aliuawa na wabaguzi 1993, na ripoti ya Macpherson ya 1999 ikasema wazi kwamba ubaguzi ulikuwa umekita ndani ya jeshi lile. Mwaka 2021 askari aliyekuwa bado mwajiriwa wa polisi hao alimteka na kumuua Sarah Everard, na miaka miwili baadaye ripoti ya Casey ikarudia shutuma zile zile na kuongeza za kuwadharau wanawake. Ndiyo maana kwenye mitaa ya vijana weusi mtu anachomwa kisu mchana kweupe na hakuna aliyeona kitu. Wana sababu zao. Lakini wenzetu waliweka njia kwa ajili ya watu kama hao: tangu 1988 kuna shirika la hisani, Crimestoppers, ambalo si la polisi, linalopokea taarifa bila kukuuliza jina. Polisi wanapata habari, lakini aliyesema hawamjui.

Sasa nirudi kwetu. Jirani wa dada yangu, fundi seremala, aliwajua vijana waliokuwa wanavunja maduka. Akafanya kama tunavyohimizwa kila Jumatatu. Alikwenda kituoni, na kituo chenyewe sikitaji, akaandikisha maelezo, akawataja kwa majina. Kwanza aliombwa pesa ya mafuta ya gari la doria, akatoa. Jioni ile ile mmoja wa wale vijana alimpitia karakanani, akaegemea mlango, akamwambia, "Mzee, tumesikia umetutembelea." Hakusema zaidi. Mwisho wa mwezi fundi alihamisha mbao zake na familia yake. Nenda sasa ukamwombe ushirikiano.

Tukitaka kujua hasira ya kuchoma mwizi kwa tairi inatoka wapi, tuanzie hapo. Katiba inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Bondi ya polisi, yaani kuachiwa kwa dhamana kutoka kituoni, ni bure, na inaweza kutolewa kabla kesi haijaanza. Hayo ni mambo mazuri. Lakini mtaa unamwona aliyekamatwa Jumanne akinunua rolex, ile chapati ya mayai, Alhamisi, na hakuna askari aliyekuja kueleza kwamba kesi bado iko, ya kwamba bondi si msamaha. Watu wanajaza pengo wenyewe: amenunua kesi. Mwizi anayefuata hafikishwi kituoni. Simtetei mtu anayewasha kiberiti, huyo ni muuaji. Nasema tu ukimya wa kituo nao umo.

Halafu kuna wale wazuia uhalifu wa enzi za Kayihura, mkuu wa polisi wa wakati huo, vijana waliosajiliwa kwa wingi kuelekea uchaguzi wa 2016, hadi mashirika ya haki za binadamu yakadai kundi lisimamishwe. Pengine wapo waliojiunga kwa moyo safi, namfahamu mmoja. Lakini tangu hapo, afande akija kijijini kutafuta vijana wa kujitolea, swali la kwanza ni kama ni wa ulinzi au wa kura.

Ibara ya 212 ya Katiba inaipa polisi kazi ya kushirikiana na raia. Isomeni vizuri: waliopewa kazi hiyo ni polisi.

Najua jibu litakalokuja, maana mzee wangu hulitoa kila tukibishana kwa simu. "Mwanangu, London wana pesa. Sisi gari moja, mafuta hakuna, askari analala kwenye bati." Kweli tupu, na hata mimi nimelala kwenye bati hilo. Lakini kumtajia mlalamikaji namba ya kesi iliyoandikwa kwenye kitabu cha kituo hakuhitaji mafuta. Kufunga mdomo kuhusu nani alisema nini hakuhitaji mafuta. OC, yaani mkuu wa kituo, kuhudhuria mkutano wa kijiji mara moja kwa miezi mitatu na kusoma karatasi kama yule kijana wa maktabani, kituo kikiwa umbali wa kutembea, kunahitaji viatu tu. Na huyo OC aachwe kituoni miaka miwili au mitatu. Kwa dada yangu wanabadilishwa haraka kiasi kwamba chairman ameacha kuhifadhi namba zao kwa majina. Kwenye simu yake wameandikwa OC Mpya, OC Mpya 2, na sasa yuko wa tatu.