Daktari wa Bima Asome Faili Kabla ya Kukataa

Saa tisa na dakika kumi usiku, muuguzi wa zamu aliandika mstari mmoja kwenye faili la mzee mwenye nimonia: oksijeni imeshuka hadi 86, nimepandisha kutoka lita 2 hadi lita 4, mgonjwa hajui yuko wapi. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mzee alifika Jumatatu jioni, akaruhusiwa Jumatano mchana. Siku chache baadaye ikaja barua ya bima: gharama za kulazwa hazitalipwa, maana hali ya mgonjwa "ilikuwa imetulia" na ingetosha kumweka chini ya uangalizi.

Nafanya kazi katika hospitali moja ya Marekani, kwenye ofisi inayopokea barua za namna hii. Ninapekua mafaili na kumwandalia hoja daktari mshauri wetu kabla hajazungumza kwa simu na daktari wa kampuni ya bima. Nimesikiliza simu hizo nyingi mno, na kuna jambo linaniuma.

Kwanza nieleze huo "uangalizi". Mgonjwa analala kitanda kile kile, dripu ile ile, anahudumiwa na wauguzi wale wale, ila kwenye makaratasi anahesabiwa kuwa mgonjwa wa nje. Hospitali hulipwa pungufu, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuumia. Medicare ya kawaida, bima ya serikali kwa wazee, hulipia kituo cha uuguzi baada ya hospitali kwa yule tu aliyelazwa siku 3 mfululizo, na siku za uangalizi hazihesabiwi hata moja. Tangu 2017 hospitali zinalazimika kumpa mgonjwa wa Medicare notisi ya maandishi uangalizi ukizidi saa 24. Wengi hutia saini wakiwa na homa, bila kujua wametia saini nini.

Kanuni yenyewe haina utata mkubwa. Tangu Oktoba 2013, Medicare inasema daktari akitarajia kwa sababu za msingi kwamba matibabu ya hospitalini yatavuka saa sita ya usiku mara mbili, basi kumlaza mgonjwa ni sahihi. Kuanzia Januari 2024, mipango ya Medicare Advantage, inayoendeshwa na kampuni binafsi, nayo inabanwa na kipimo hicho. Kinachopimwa ni yale daktari aliyoyajua saa ile anaandika amri ya kulaza: umri, figo zilizochoka, pumzi za haraka, hatari ya kuzidiwa usiku. Barua nyingi ninazozisoma huanzia mwisho wa safari: mgonjwa alipona upesi, basi hakuwa mahututi kiasi hicho. Alipona upesi kwa sababu alitibiwa!

Turudi kwa mzee wetu. Simu ilichukua kama dakika tisa. Daktari wa bima alikuwa mtu muungwana, wala hakuja kwa shari. Alisoma muhtasari uliokuwa mbele yake: vipimo vya Jumatatu jioni na vya Jumanne mchana, vyote vya kuridhisha kidogo. Daktari wetu akamwuliza, "Una maandishi ya muuguzi ya usiku ule?" Kimya. Hakuwa nayo. Akasomewa ule mstari wa saa tisa na dakika kumi, polepole, hadi lita 4. Akasema, "Hili sikuliona. Naidhinisha."

Nilifurahi, kisha nikakasirika. Sheria za Medicare Advantage tayari zinataka ombi lisikataliwe kwa hoja ya kitabibu kabla halijapitiwa na daktari, au mtaalamu mwingine wa afya, mwenye ujuzi wa fani husika. Lakini aliyewekewa muhtasari uliokatwa usiku mzima atapitia nini? Ninachotaka ni hiki: mwenye kutia saini barua ya kukataa awe na faili zima, na azungumze na daktari aliyemwona mgonjwa kabla ya kusaini. Mazungumzo yale ya dakika tisa yangefanyika mwanzo, barua isingeandikwa.

Najua upande wa pili. Hospitali hupata zaidi mgonjwa akilazwa, na zipo zinazolaza ovyo. Yako mafaili ambayo mimi mwenyewe nimemwambia daktari wetu, "Hapa hatuna hoja," tukaacha. Ukaguzi lazima uwepo. Ila mwaka 2018 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ya Wizara ya Afya ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu Medicare Advantage kwa miaka ya 2014 hadi 2016: katika maamuzi ya kukataa yaliyokatiwa rufaa, kampuni zenyewe zilitengua asilimia 75. Na yaliyokatiwa rufaa yalikuwa asilimia 1 tu. Hao wengine wote walipokea barua wakanyamaza, au hospitali zao hazikuwa na mtu wa kukaa kwenye simu akisubiri kuunganishwa.

Kwa hiyo ukiwa kitandani, au ukiwa na mzazi kitandani, uliza mapema: amelazwa au yuko chini ya uangalizi? Barua ya kukataa ikija, soma tarehe ya mwisho ya rufaa, omba nakala ya faili zima, na tafuta maandishi ya wauguzi wa usiku.

Wiki iliyofuata nilimtafuta yule muuguzi nikamweleza mstari wake ulivyofanya kazi. Hakuukumbuka. Aliuliza tu kama mzee alifika nyumbani salama.