Usiku Nilipopanga Kumuua Bi Mkubwa

Nyumba ninayopanga Tandika ni ya vyumba sita, vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, jiko na choo uani. Kuta zake zimepita milango kidogo tu. Kuanzia hapo hadi kwenye bati ni hewa ya wote. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakupa pole. Nalijua hilo, nimeishi humo miaka miwili, na mambo yangu ya siri huwa nakwenda kuyasemea barabarani. Siku ile nilisahau kwa sababu nilikuwa fisi.

Ngoja nieleze. Mimi na wenzangu niliosoma nao tupo tisa, tunacheza mchezo wa kijiji kwa simu. Wazungu wanasema muuaji ni mtu anayegeuka mbwa mwitu usiku. Sisi mbwa mwitu wa namna hiyo hatumjui, lakini fisi anayetumwa usiku tunamjua tangu utotoni, kwa hiyo tukamweka yeye. Fisi wawili, wanakijiji saba. Fisi wanajuana, wanakijiji hawajui lolote. Usiku fisi wanachagua wa kumla, asubuhi kijiji kinaamka na maiti, kinagombana mchana kutwa, halafu kinapiga kura ya kumnyonga mmoja. Yumo mganga, ambaye kila usiku anaruhusiwa kumchungulia mtu mmoja ajue kama ni fisi. Na yumo kiongozi ambaye kura yake inahesabiwa mbili. Huyo tukampa jina la Mjumbe, wala hatukuona tatizo.

Mwenzetu mmoja yupo Arusha, mwanamume wa kilo 90 na sauti ya besi. Tunamwita Bi Mkubwa kwa sababu hakuna neno linalompita. Tulikuwa na hakika kwamba safari hii yeye ndiye mganga. Sasa, mama mwenye nyumba wangu, mjane wa miaka sabini na kitu, mtaa mzima unamwitaje? Ehe.

Saa tano usiku nikampigia fisi mwenzangu, yuko Dodoma. Niliongea kwa kunong'ona, na aliyewahi kukaa nyumba kama yetu anajua kwamba kunong'ona ndiko kunakoamsha watu. Maneno yangu nayaweka hapa kama yalivyotolewa ushahidi uani na Mama Kashata wa chumba cha pili, ambaye hajawahi kudondosha hata silabi:

"Bi Mkubwa aondoke usiku huu huu. Tukimwacha, kesho anatutaja... Kelele hakuna... Asubuhi mimi nitakuwa wa kwanza kulia... Tukishamzika, tunahamia kwa Mjumbe... Sawa. Mmoja akikamatwa, mwenzake amkane. Amkane kabisa."

Hilo la kukanana lilikuwa fahari yetu. Fisi wengi huponzwa na huruma: mmoja akibanwa, mwenzake anaruka kumtetea, kijiji kinawafuma wote wawili kwa jiwe moja. Fisi mjanja anakuwa wa kwanza kupaza sauti mwenzake anyongwe, halafu anabaki mweupe kama pamba mpaka mwisho. Nililala usingizi mzuri kabisa.

Asubuhi nikatoka na mswaki mdomoni. Bi Mkubwa alikuwa kwenye mkeka uani, amejitanda khanga mbili, kikombe cha chai mbele yake hajakigusa. Pembeni paka amewekewa chai ileile kwenye kisosi. Wapangaji wote wamesimama wanamtazama paka.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

Kimya. Miaka miwili hajawahi kuiacha shikamoo yangu ikining'inia hewani namna ile. Akamgeukia Mama Kashata.

"Ameanza kulia?"

"Bado."

Mjumbe akaingia, wa kweli huyu, mjumbe wa nyumba kumi, kofia kichwani na daftari kwapani. Mama Kashata akatoa ushahidi wake amesimama, hadi vituo akaviweka. Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kwenye mchezo anayecheka akituhumiwa hachukui dakika tano. Nikaacha kucheka, nikaanza kujieleza haraka haraka. Anayejieleza sana ana lake jambo; kwa hoja hiyohiyo mimi mwenyewe nimeshanyonga watu wasio na hatia. Nikanyamaza.

"Ameishiwa," akasema wa chumba cha nne.

Nikaona niwape historia, wasomi huwa wanaheshimika. Nikasema mchezo huu ulibuniwa miaka ya 1980 na Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moscow, na wauaji wake wa mwanzo walikuwa mafia. Hao mbwa mwitu waliletwa 1997 na Mmarekani, Andrew Plotkin. Mjumbe aliandika kila kitu, taratibu, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo.

"Mrusi," akasoma. "Mafia. Na Mmarekani." Akapiga mstari chini. "Na hao wawili sasa hivi wako wapi?"

Nikampigia wa Dodoma, nikaweka spika. "Ndugu yangu, nimekamatwa. Mjumbe yupo hapa, Bi Mkubwa yupo, kijiji kizima kipo. Waambie ukweli."

Hata ningelipwa nisingepata maneno mabaya kuliko hayo. Simu ikakaa kimya kidogo, halafu ikatoka sauti ya mtu aliyekuwa akiisubiri nafasi hii tangu usiku.

"Mjumbe, shikamoo. Huyo jamaa mimi nilimshuku tangu juzi. Mnyongeni tu."

Akakata.

Jasho likanitoka. Nikasema basi, nampigia marehemu mwenyewe, Bi Mkubwa wa Arusha, mumsikie mzima. Besi ikapokea.

"Jana usiku nimekufa," ikasema. "Marehemu haongei. Usinipigie tena."

Ndiyo sheria, ukishaliwa husemi neno hadi mchezo uishe, na yule ni mtu wa sheria. Bi Mkubwa wetu akashika kifua. Mama Kashata akauliza, "Kumbe ameshaua na mwingine?"

Aliyeniokoa ni mjukuu wa Bi Mkubwa, yupo kidato cha pili, alikuwa anapita na ndoo. "Si ule mchezo wa kufumba macho? Shuleni tunaucheza. Ila sisi wauaji tunawaita wachawi." Akaenda zake bombani.

Wakamwamini palepale. Mimi nilikuwa nimesema hayohayo kwa dakika 40.

Mjumbe akafunga daftari kwa masikitiko. Ule ukurasa wa Mrusi ulikuwa umemkolea. Watu wakatawanyika, wengine bado wanamtupia paka jicho. Bi Mkubwa akabaki ananitazama.

"Kwa nini mlianza na mimi?"

"Siyo wewe, Bi Mkubwa, ni wa Aru..."

"Nimeuliza kwa nini mlianza naye."

"Ana akili sana. Tulimwogopa."

Akafikiri kidogo, akavuta kikombe. "Hapo sawa," akasema, akainywa ile chai yote, ingawa ilikuwa imeshapoa na imeota utando juu.

Usiku kijiji kikakutana kwenye simu kumlilia marehemu. Wakashukiana wote, mmoja baada ya mwingine, matusi madogo madogo, isipokuwa mimi. Mimi, waliandika, ni mtu mkweli, hata namna ninavyoandika tu inaonekana. Nikajifunika shuka gubigubi, nikaanza kuandika rambirambi ndefu.

Ng'ambo ya ukuta kitanda kikalia.

"Ameanza kulia?" aliuliza mume wa Mama Kashata.

"Hapana," Mama Kashata akanong'ona. "Anaandika."