Hapa Maji Hupita

Mwezi wa nane ndio msimu wa viwanja Dodoma. Upepo unavuma kutwa, vumbi linaingia hadi kwenye chai, na makorongo yamekauka mpaka watoto wanachezea mpira humo ndani. Dalali anakutembeza huku akisifia: tambarare, mchanga mtupu, hata kusawazisha huna haja. Mtumishi aliyehamishiwa makao makuu anafurahi, analipa. Hajiulizi ule mchanga uliletwa na nani.

Shemeji yangu naye hakujiuliza. Januari moja alinipigia simu saa nane usiku akiwa amekaa juu ya meza na wanawe wawili, maji yameshafika kwenye magodoro. Kilichomchanganya ni kwamba mtaani kwake yalikuwa manyunyu tu. Mvua yenyewe ilipiga mbali huko juu. Asubuhi mzee jirani, Mgogo aliyezaliwa palepale wakati bado ni mashamba ya mtama, alikuja kumpa pole. "Hapa maji hupita, mwanangu. Ila si kila mwaka." Shemeji akamuuliza mbona hakumwambia wakati anajenga. Mzee akasema, "Ulikuja na ramani. Hukuuliza."

Jibu hilo hunijia kila nikisikia kwenye semina kwamba tunahitaji utafiti zaidi ili tukabiliane na maafa. Tunauhitaji, sina ubishi. Ninachobishia ni utafiti wa aina gani. Wa kuja wiki mbili na gari jeupe tunao wa kutosha. Uliopungua ni ule wa kukaa mahali pamoja, kupima kitu kilekile miaka nenda miaka rudi, kisha kumrudishia majibu yule aliyeulizwa. (Na tukumbuke tunaishi kwenye mji ambao, kwa simulizi ya wazee, ulipata jina kwa tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia topeni. Tuliambiwa mapema.)

Mfano mzuri uko hapahapa. Kaskazini ya mji, katika bonde la Makutupora, kuna visima ambavyo kwa miongo mingi ndivyo vimeunywesha mji huu. Tangu miaka ya 1950 kuna watu wamekuwa wakipima kina cha maji katika visima hivyo na kuandika. Kazi hiyo haina picha ya kupiga. Unapima, unaandika, unafunga daftari, unarudi tena. Waliianza wengine, wakastaafu, wakapokea wengine. Mwaka 2013 watafiti wa Kitanzania na Kiingereza walichapisha walichokisoma katika kumbukumbu hizo za kuanzia 1955 hadi 2010: misimu saba tu iliyoongoza kwa mvua ilibeba kama asilimia 20 ya mvua yote ya kipindi hicho, lakini ndiyo iliyochangia kama asilimia 60 ya maji yaliyozama kujaza visima.

Maana yake ni kwamba mwaka wa mvua ya kawaida, ule tunaouita mwaka mzuri, huenda usitie kitu cha maana kisimani. Visima vyetu vinaishi kwa kusubiri miaka mikali, kama ule wa El Niño ya 1997/98 ambao watu wengi wanaukumbuka kwa madaraja yaliyokatika. Mvua iliyomlaza shemeji juu ya meza ndiyo hiyohiyo atakayoichota bombani miaka mitano baadaye. Daftari lingekuwa la miaka mitatu au minne, yaani umri wa mradi wa kawaida wa wafadhili, hakuna ambaye angeligundua hilo.

Sasa ufuate mto Kinyasungwe. Muda mwingi wa mwaka ni njia ya mchanga. Ng'ombe wanavuka bila kulowa kwato. Mvua kubwa ikija unafura, na sehemu ya maji yake inapenya kwenye mchanga kwenda chini. Yanayobaki yanateremka hadi Mpwapwa, yanafika Gulwe na Godegode, na huko yanakutana na reli ya kati. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Injinia wa reli anayaona maji hayo kama adui wa tuta. Injinia wa visima anayaona kama akiba. Mkulima wa vinyungu, yaani bustani za bondeni, anayaona kama mboga za kiangazi. Wote watatu wana haki, na mimi ningependa wakae meza moja na daftari moja.

Wakikaa, ningewaomba waanze na malori ya mchanga. Mji uliohesabiwa watu 410,956 mwaka 2012 ulikuwa na watu 765,179 sensa ya 2022, na kila nyumba wanayojenga inahitaji mchanga. Tunauchota mitoni kana kwamba ni takataka iliyosahaulika pale. Kumbe ule mchanga ndio mdomo ambao ardhi inanywea. Ukiukomba wote, au ukaufunika kwa zege, yale mafuriko ya mara moja kwa miaka mingi yatapita moja kwa moja na kutuachia hasara peke yake.

Lakini maafa ya kwetu si maji tu. Mwaka 2016 watu waliugua ghafla katika Dodoma na Manyara, matumbo yakivimba, macho yakigeuka manjano. Wagonjwa 68 walihesabiwa, 20 wakafa. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu ya kuvu inayoingia kwenye mahindi na karanga; ukipika haiishi, na mara nyingi hata kwa macho huioni. Waliochunguza waliingia majumbani, wakalinganisha kaya zilizougua na majirani zao, wakaangalia mahindi yalivyokaushwa, yalivyowekwa, yalivyochambuliwa kabla ya kwenda mashine. Huo ndio utafiti ninaoupenda, kwa sababu ushauri wake unaingia jikoni: anika juu ya turubai, usianike chini, hifadhi pakavu, toa punje zilizooza na kutobolewa.

Hapo kwenye punje, hata hivyo, nina neno. Kuvu hao hupenda mahindi yaliyoteswa na ukame yakiwa bado shambani. Kwa hiyo mwaka ambao sumu ni kubwa ndio mwaka ambao debe ni chache. Mwaka wa njaa, ni mama gani atakayemwaga nusu ungo kwa sababu ya rangi? Kumwambia "chambua" bila kumwambia watoto watakula nini ni ushauri nusu. Nusu ya pili iko Hombolo, ambako watafiti wa kilimo wamehangaika miaka mingi na mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame wetu kuliko mahindi tunayoyang'ang'ania. Tunayang'ang'ania kwa sababu ugali mweupe umekuwa heshima. Hilo nalo litafitiwe, si mbegu tu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inajitahidi, nayo niiseme kwa wema. Kila mwaka kabla ya msimu inatoa utabiri wa mvua za Novemba hadi Aprili, na sisi tunausikia redioni: "wastani hadi chini ya wastani." Mjomba wangu anayelima Chamwino huzima redio hapo na kuuliza, wastani wa nani? Yeye anachotaka kujua ni kama apande sasa au asubiri, na kama ule ukame wa Februari utakuwa wa siku kumi au thelathini. Mvua ya kijiji chake hakuna anayeipima. Kipimamvua cha plastiki kwenye uwanja wa shule, mwalimu mmoja na daftari la mistari vingetosha kuanzia, na baada ya miaka ishirini kijiji kingekuwa na wastani wake chenyewe.

Wagogo walikuwa na daftari lao bila karatasi. Waliipa njaa jina, na jina likabeba habari. Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, hawakuisimulia kama ukosefu wa mvua peke yake. Walisimulia majeshi ya Wajerumani na Waingereza yaliyochukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma juu ya ghala tupu. Mtaalamu wa leo anaweza kuandika kurasa nyingi kufikia palepale.

Sheria ya usimamizi wa maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Nimewahi kumuuliza mjumbe wa kamati moja wanafanya nini. Akaniambia wanakutana maafa yakitokea. Kamati hizo ndizo ningezikabidhi daftari, na ningependa mzee wa "hapa maji hupita" awe mmoja wa wajumbe, pamoja na mkunga na mwenye mashine ya kusaga.

Miaka kadhaa nyuma vijana wa taasisi fulani walifika kwa mama yangu kijijini na dodoso refu. Aliwakaribisha, akawapa karanga, akakaa nao saa mbili akijibu: kisima kinakauka mwezi gani, ghala lina nini, mafuriko yaliyopita yalifika wapi ukutani. Aliwaonyesha alama kwa kidole. Walimshukuru sana, wakaandika namba 47 kwa chaki juu ya mlango, wakasema mrejesho utaletwa. Nyumba imeshapakwa chokaa mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mama amemwambia fundi aruke pale. Anasema wakirudi wasije wakapotea nyumba.